Kununua nyumba Dar na pembeni yake: maswali yanayorudiwa kabla hela haijatoka

Haya maswali naulizwa na ndugu, majirani, watu wa kikoba, mpaka bodaboda wangu. Mi sio wakili na sio dalali, nimenunua nyumba moja tu, ila kabla ya hiyo niliangalia kumi na kitu nikaziacha, na toka hapo nimesindikiza wengine kibao. Mifano mingi ni ya Dar kwa sababu ndiko ninakokujua.

MAMBO YA MWANZO

Bora ninunue nyumba iliyokwisha au kiwanja nijenge mwenyewe?

Ukijenga unajua nondo ngapi zimeingia kwenye msingi, ukinunua unaona rangi tu. Hiyo ndo tofauti kubwa. Ila kujenga kunataka muda, fundi wa kusimamiwa kila siku, na moyo wa kuona simenti inapungua usiku bila maelezo. Kama una kazi ya kubanwa toka saa mbili mpaka jioni na huna mtu wa kukaa saiti, nyumba iliyokwisha inaweza kukutoka nafuu hata kama bei inaonekana kubwa. Kama hela yako inakuja kidogo kidogo basi jenga, maana nyumba ya kununua inataka hela yote iwe mezani.

Nianze kukagua nini? Kila mtu ananiambia kitu chake.

Mimi nagawa kasoro mafungu mawili. Kuna kasoro inayotengenezeka kwa hela, na kuna kasoro ambayo hata uwe na hela ya Kariakoo nzima hutaitengeneza. Bati bovu, vyoo vya zamani, jiko dogo, rangi mbaya, hayo yote unapiga hesabu unashusha kwenye bei. Lakini mahali nyumba ilipo, njia ya maji ya mvua, karatasi za uongo, jirani mwenye gereji anayegonga bodi mpaka saa tano usiku, hayo unayanunua pamoja na nyumba na utakaa nayo.

Watu wengi wanafanya kinyume, wanakataa nyumba kwa sababu ya malumalu wanakubali nyumba iliyo bondeni kwa sababu ina jipsamu nzuri. Anza na yasiyotengenezeka, ukikuta moja bovu rudi nyumbani, usipoteze hata hela ya fundi wa kukagua.

Niende kuangalia mara ngapi?

Mara tatu kwa uchache, na mara mbili kati ya hizo usiende na dalali. Dalali anakupeleka saa nne asubuhi siku ya jua, hakuna foleni, baa ya jirani imefungwa, maji yanatoka. Wewe rudi Ijumaa usiku usikie muziki unaishia saa ngapi. Rudi siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi uone daladala zinavyogombaniwa. Na rudi siku ya mvua, hii ni lazima (soma linalofuata).

ENEO NA MAJI

Nitajuaje kama nyumba inaingiliwa na maji wakati sasa hivi ni kiangazi?

Niliwahi kupelekwa kwenye nyumba moja Goba, nzuri kweli, vyumba vitatu, bei iko chini kidogo ya majirani. Sebuleni nikaona rangi ya ukuta chini mpaka usawa wa goti imekolea kuliko ya juu, nikadhani ni mtindo. Nikaomba kabati la chumbani lisogezwe. Nyuma ya kabati rangi mpya haikufika, kuna mstari wa kahawia umenyooka kama umepigwa na rula. Dalali akasema watoto wamechafua. Nikatoka nje kununua maji kwenye genge la jirani, nikamwuliza mama pale, shikamoo mama, mvua zikija hapa panakuwaje? Akanijibu huku anamenya viazi: "Baba, mwaka juzi wale walilala juu ya meza."

Kwahiyo dalili ni hizo: mstari ukutani, rangi mpya ya chini peke yake, milango ya mbao iliyovimba au kuoza chini, soketi zilizohamishwa juu kuliko kawaida, kizingiti kirefu kilichojengwa mlangoni baadaye, na majirani waliopandisha ukuta wa uzio kwa tofali bila sababu. Angalia pia nyumba iko wapi kwenye mteremko, kule Goba, Salasala na Madale kuna milima na mabonde, aliye juu akijenga uzio maji yanahamia kwako. Boko na Basihaya shida ni nyingine, sehemu kadhaa hakuna hata mto ila maji yanakusanyika yanakaa wiki.

Waulize watu watatu ambao hawana faida kwenye biashara yako. Mwenye genge, fundi baiskeli, mzee anayekaa kibarazani. Mwenyekiti wa mtaa sio mmoja wao.

Nyumba iko karibu na mto au bahari, upepo mzuri, kuna shida gani?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kwahiyo nyumba iliyo mita 25 toka mtoni ni nyumba ambayo serikali ikiamka siku moja huna cha kujitetea. Na Dar tumeshaona. Mafuriko ya Desemba 2011 watu wa bonde la Msimbazi walipoteza kila kitu, wengine wakahamishiwa Mabwepande mwaka uliofuata, na miaka ya karibuni bonde hilohilo watu wameondolewa kupisha mradi wa kuliendeleza.

Na mto unakula ardhi. Nyumba iliyokuwa mbali na mto miaka kumi iliyopita leo inaweza kuwa kwenye ncha, ona wenye nyumba wanavyopanga viroba vya mchanga nyuma ya choo. Ukiona viroba, geuza gari.

Na ile ya kando ya barabara kubwa? Si nzuri kwa biashara?

Nzuri sana mpaka siku ya alama ya X, ile inayopigwa ukutani kwa nyumba ya kubomolewa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu ikawa mita 30 kila upande kupimia katikati ya barabara, kabla ya hapo ilikuwa 22.5. Sehemu zingine ni zaidi sana, waulize watu wa Kimara mpaka Kiluvya walivyobomolewa mwaka 2017 na wengine walikuwa na nyumba za ghorofa. X ya kijani maana yake kuna fidia, X nyekundu maana yake hakuna, na mwenye nyumba mjanja anaipiga rangi juu yake kabla ya kukuita. Nenda na tepu, pima mwenyewe, alafu ukaulize wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, kama kuna mpango wa kupanua. Hii nayo iweke kwenye fungu la yasiyotengenezeka.

Mbali na mji bei ni nusu, si bora nikanunue huko?

Piga hesabu ya nauli na muda, sio bei tu. Mtu wa Chanika au Bunju anayefanya kazi Posta na kubadilisha magari mawili kwenda na mawili kurudi, kwa mwaka zinakuwa hela za kueleweka, na masaa matatu manne kwa siku barabarani hayarudishwi na mtu. Kama kazi yako iko hukohuko au unafanyia nyumbani basi nunua, utapata uwanja mkubwa. Angalia tu maji ya DAWASA yamefika au ni bomba kavu limechimbiwa kwa picha. Fungua bomba mwenyewe, uonje maji ya kisima, kuna maeneo Kigamboni na Mbagala ni chumvi hadi sabuni haitoi povu.

JENGO LENYEWE

Nyufa nyumba zote zinazo, zipi za kuogopa?

Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta, umekaa kama utando wa buibui, huo ni plasta ilikauka haraka, achana nao. Wa kuogopa ni ule wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha au mlango, au unaopanda kama ngazi ukifuata maungio ya tofali, au unaotokea ndani na nje ya ukuta uleule. Hapo msingi unahama. Mara nyingi utakuta chini ni mfinyanzi mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka kiangazi, na aliyejenga alichimba msingi wa kuingia magoti tu.

Weka shilingi mia kwenye ufa. Ikiingia, piga picha na hiyohiyo shilingi ikiwa hapo, rudi baada ya wiki tatu upige tena. Ufa uliotulia una vumbi na utando ndani yake, ufa unaotembea una kingo safi. Na milango isiyofunga vizuri nyumba nzima sio seremala mbovu, ni fremu zimepinda pamoja na ukuta.

Ukuta unapukutika unga mweupe chini, muuzaji kasema ni rangi mbaya.

Sio rangi. Ni chumvi inapandishwa na unyevu kutoka chini, ama hawakuweka nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, ama mchanga ulikuwa na chumvi. Huku pwani ni kawaida sana. Utapiga plasta na rangi kila mwaka na kila mwaka itapukutika. Inatibika lakini kwa gharama, kwahiyo ingiza kwenye bei, usimwachie muuzaji akuambie ni kitu kidogo.

Vingine vya haraka vya kuangalia?

Panda darini, kweli panda, na tochi. Gonga kenchi kwa bisibisi, ikizama mbao imeliwa na mchwa. Angalia matone ya mwanga kwenye bati mchana. Bati geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, muulize alipigia lipi.

Umeme fungua boksi la breka, ukikuta waya zimeungwa kwa nailoni na hakuna waya wa ardhi hesabu unapiga wayaringi upya. Choo mwaga ndoo mbili tatu mfululizo, alafu toka nje uangalie shimo liko wapi na gari la kunyonya majitaka litapitaje. Kuna nyumba uchochoroni gari haliingii kabisa na hilo dalali hasemi.

LUKU (umeme wa kulipia kabla) usiangalie mita tu, nunua umeme wa elfu kumi kwa namba ya ile mita ukiwa umesimama pale. Kwa mtumiaji wa kawaida inatoa kama yuniti 28, na kama ni manunuzi ya kwanza ya mwezi itakatwa 1,500 ya kodi ya jengo kwa nyumba ya chini. Ukipata yuniti 9 ujue kuna deni limelala humo na unalinunua.

Nimpeleke fundi gani?

Fundi asiyeletwa na dalali wala muuzaji. Mlipe siku yake uwe umenunua au hujanunua, maana fundi anayetegemea kupata kazi ya ukarabati hapo atakwambia nyumba iko poa. Kwa nyumba ya ghorofa usitafute fundi, tafuta injinia.

KARATASI

Hati, ofa, leseni ya makazi, karatasi ya serikali ya mtaa, tofauti ni nini?

Kwanza Tanzania ardhi ni ya umma, Rais ndo mdhamini, wewe unamilikishwa kwa muda. Hati inasema muda huo, miaka 33, 66 au 99, kwahiyo soma imebaki mingapi. Hati imesajiliwa, ndo yenye nguvu. Ofa ni hatua ya kuelekea hati, nyingi za zamani watu wamekaa nazo miaka ishirini. Leseni ya makazi ilianza Dar 2004 kwa maeneo yasiyopimwa, ni ya muda mfupi usiozidi miaka mitano na unahuisha. Ile karatasi ya serikali ya mtaa yenye mhuri na mashahidi watatu ni ushahidi kwamba mliuziana, sio ushahidi kwamba aliyekuuzia alikuwa mwenye mali.

Sikwambii usinunue skwata (eneo lisilopimwa) kabisa, sehemu kubwa ya mji imejengwa hivyo. Nasema bei yake isiwe bei ya nyumba yenye hati, na uliza ofisi ya mipango miji mchoro wa eneo unasemaje. Kuna watu wamenunua nyumba safi, kumbe kwenye mchoro pale ni shule au eneo la wazi.

Hati ninayo mkononi, bado nifanye sechi?

Hasa ukiwa nayo mkononi. Hati ya kughushi inapendeza kuliko ya kweli. Sechi inafanyika ofisi ya msajili wa hati, kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, unalipa kwa kontro namba na jibu linakuja kwa maandishi: jina la mmiliki, kama kuna benki inashikilia, kama kuna mtu ameweka zuio. Linganisha jina na kitambulisho cha NIDA cha huyo anayekuchekea. Alafu rudia sechi siku chache kabla ya kulipa, maana mwezi mzima mtu anaweza kuwa ameshaikopea. Mwombe mpima ardhi akutafutie bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) pia, kuna nyumba jiko liko kwenye kiwanja cha jirani.

Muuzaji ana mke (au mume), inahusu nini?

Inahusu yote. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mzee akikwambia "mama yuko kijijini hana shida", mwambie shikamoo mzee, tutamsubiri mama arudi. Ridhaa iandikwe na kusainiwa mbele ya wakili. Akisema hajaoa naye aandike kiapo.

Nyumba ya mirathi je?

Hapa ndo watu wanalizwa sana. Mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio kaka mkubwa, sio shangazi, sio muhtasari wa kikao cha ukoo. Dai barua ya mahakama, nenda na namba ya shauri uulize pale mahakamani kama ni ya kweli na kama haijatenguliwa, alafu warithi wote wasaini. Kukiwa na mmoja hapatikani simu, subiri. Huyo ndo atakayekuja na wakili miaka mitatu baadaye.

HELA

Nje ya bei, nitatoa nini kingine?

Wakili, ushuru wa stempu (kama asilimia 1), uthamini, ada za uhamisho na usajili, na madeni ya kodi ya pango la ardhi kama hayajalipwa. Kodi ya ongezeko la mtaji, kwa mkazi asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji, ila uhamisho haukamiliki bila hiyo kwahiyo mwandike kwenye mkataba nani analipa na lini. Serikali ya mtaa wakikuomba asilimia 10, omba kontro namba na risiti ya serikali, mazungumzo huwa yanaisha hapo.

Na usitoe hela yote kwa keshi sebuleni kwa mtu. Benki kwa benki, kwa awamu, ya mwisho ikisubiri uhamisho.

Nikopee benki?

Piga hesabu mwenyewe kwanza. Mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 16, miaka 15, rejesho ni kama 880,000 kwa mwezi, mwisho wa safari umelipa milioni 158 na ushee. Kama nyumba ya aina hiyo inapangishwa laki tatu na nusu, bora upange hapo, hiyo tofauti ujengee kidogo kidogo. Uzuri mmoja wa benki ni kwamba wao hawakubali karatasi mbovu, wakikataa nyumba waulize kwa nini, umepata ukaguzi.

Bei iko chini sana kuliko majirani, ni bahati?

Mara moja moja ndio, mtu anauguza au anahama mkoa. Ila muuzaji wa haraka wa kweli atakuruhusu wiki mbili za sechi. Anayesema "kuna mtu anakuja na hela kesho saa tatu", mwache huyo mtu aje. Mimi nimeambiwa hivyo kuhusu nyumba moja Tabata mara nne ndani ya miezi miwili, na huyo wa saa tatu hajafika mpaka leo.

KESI NGUMU

Ndani kuna mpangaji ambaye kodi yake haijaisha.

Unamnunua naye. Omba mkataba wake uone mwisho lini na nani alipokea kodi, na ongea naye bila muuzaji kuwepo. Mpangaji ndo anajua choo kinajaa lini, kwahiyo ni faida pia.

Pagala lililosimama miaka mitano, kuta nzima, ninunue?

Nondo zilizochomoza zimeliwa na kutu, lenta imenyeshewa, tofali za juu zinamung'unyika kwa vidole. Lihesabie kama kiwanja chenye msingi, basi. Na uliza kwa nini lilisimama, kama ni hela sawa, kama ni kesi rudi kwenye swali la sechi.

Fleti kwenye jengo, hati inakuwaje?

Kuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, kila fleti inaweza kuwa na hati yake. Ukiambiwa hati ni moja ya jengo zima na wewe utapewa mkataba tu, hujanunua fleti. Uliza pia ada ya mwezi ya lifti, mlinzi na jenereta, na nani analipa wengine wakigoma.

Niko nje ya nchi, ndugu yangu ataninunulia.

Mpe hati ya uwakilishi ya jambo hilo moja tu, isajiliwe, na jina kwenye mkataba liwe lako. Hela ilipwe kwa muuzaji moja kwa moja, isipitie kwa mtu. Kagueni nyumba kwa video, mwambie asogeze makabati. Kama umeshachukua uraia mwingine, masharti ya asiye raia kupata ardhi Tanzania ni tofauti na ya raia, kwahiyo wakili kabla ya tiketi.

Uani kuna makaburi mawili ya familia yao, wanasema "hayo hayana shida".

Yana shida, na sio ya mizimu. Makaburi hayahamishwi kienyeji, kunataka vibali na ukoo ukubali, na yakibaki wenyewe watakuwa wanakuja kufagia na kuzika mwingine. Andikeni kwenye mkataba kabla ya kulipa: wanahamisha kwa gharama zao kabla ya awamu ya mwisho, au yanabaki, njia ya kupita ni ipi, na hakuna anayezikwa tena hapo. Jamaa yangu mmoja hakuandika. Akaamka Jumamosi moja akakuta turubai limeshafungwa uani kwake na vijana wanachimba.